Viuatilifu Shambani: Anayenunua ni Mmoja, Wanaolipa ni Wengi

Sokoni Tabora mjini, haupiti muda kabla ubishi juu ya nyanya haujazuka. Mnunuzi anaona unga mweupe umeganda kwenye ganda, anairudisha nyanya kwenye fungu na kusema imepigwa sumu jana. Muuzaji hakubali: nyanya isiyopigwa dawa utaitoa wapi, na huyu mdudu wa nyanya, kantangaze? Jioni ubishi unahamia kwenye simu. Mmoja ametuma ujumbe wa sauti kwenye kundi kwamba mboga zote za siku hizi zinaleta saratani. Mwingine anamjibu kwamba babu yake alipiga dawa pamba ya Igunga tangu ujana na akafa mzee wa kutembelea fimbo.

Kila upande umeshika kipande cha ukweli, ndiyo maana hakuna anayeshinda. Viuatilifu huokoa mazao, hilo halina mjadala kwa mtu aliyeona heka ya mahindi ikiliwa na viwavijeshi vamizi tangu walipoingia nchini mwaka 2017. Na viuatilifu hudhuru watu, hilo nalo halina mjadala. Ninachoona ni kwamba tunabishana juu ya sehemu ndogo ya jambo lenyewe. Tunauliza kama nyanya itamdhuru mlaji, hatuulizi ni nani anayelipa gharama kamili ya ile chupa iliyotoka duka la pembejeo. Bei ya dukani ni kipande tu. Kilichobaki hulipwa na watu ambao hawakuingia dukani wala hawakuulizwa.

Tuanze na maneno yenyewe. Kiuatilifu ni kitu chochote, cha kiwandani au cha asili, kinachotumika kuua, kufukuza au kudhibiti viumbe vinavyoharibu mazao. Humo mna viuawadudu vya kushughulikia viwavi na vidukari, viuagugu vya kukausha magugu, viuakuvu vya kuzuia ukungu, na sumu za panya. Mbolea si kiuatilifu, ingawa hukaa rafu ya jirani. Kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020, vyote hivi husajiliwa na kusimamiwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA, iliyorithi kazi za ile taasisi ya utafiti wa viuatilifu ya Arusha, TPRI.

Kuna mambo mawili yanayochanganywa kila siku: ukali na hatari. Ukali ni uwezo wa kemikali kudhuru. Hatari ni uwezekano wa madhara hayo kukupata, na inategemea ukali pamoja na kiasi kilichoingia mwilini, kimepitia wapi, na mara ngapi. Sumu kali iliyofungiwa kwa kufuli stoo ina hatari ndogo kuliko sumu ya wastani inayovuja mgongoni kwa mtu asubuhi nzima, msimu mzima.

Ukali unasomeka kwenye chupa hata kwa asiyejua kusoma. Kwa utaratibu unaotumika kimataifa, chini ya lebo kuna mkanda wa rangi: nyekundu ni kali kupindukia, njano ni kali kiasi, bluu ni ya chini zaidi, kijani ni ile isiyotarajiwa kuleta madhara makubwa ya papo hapo ikitumiwa sawasawa. Zingatia hayo maneno "papo hapo". Mkanda unazungumzia sumu ya ghafla tu. Kuhusu kinachotokea baada ya kukutana na kemikali hiyo hiyo kidogo kidogo kwa miaka 15, mkanda hausemi lolote. Chupa ya mkanda wa kijani inaweza kuwa na kemikali yenye maswali mazito ya muda mrefu. Glaifoseti, kiuagugu kinachopendwa sana kwa sababu vibarua wa kupalilia wamekuwa ghali, haina sumu kubwa ya ghafla. Lakini mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, WHO, liliiweka kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Mamlaka za usimamizi za Ulaya hazikukubaliana na uamuzi huo na zikaendelea kuiruhusu. Mjadala huo haujaisha, na rangi ya mkanda haiwezi kuumaliza.

Ngozi ndiyo mlango mkubwa

Wengi wanaamini sumu huingia kwa pua na mdomo. Kwa hiyo mpiga dawa hujifunga kitambaa usoni, akavaa kaptula na kandambili, akaona amejikinga. Ukweli ni kwamba kwa mtu anayepulizia shambani, sehemu kubwa ya sumu hupita kwenye ngozi: mikono wakati wa kuchanganya, mgongo pampu inapovuja, mapaja na miguu anapotembea kwenye majani mabichi aliyotoka kuyapulizia. Jasho na joto huongeza kasi. Ngozi ya sehemu za siri hupitisha sumu haraka kuliko ya viganja, na huko ndiko dawa ya kwenye suruali iliyolowa inakoishia. Kile kitambaa cha usoni nacho kikishalowa kinageuka kuwa bandeji ya sumu iliyobanwa kwenye mdomo. Na buti likivaliwa na suruali imechomekwa ndani, dawa inateremka na kujaa humo humo. Suruali inatakiwa kushuka juu ya buti.

Ikishaingia, inafanya nini? Chukua jamii ya organofosfeti, ambamo mna profenofosi na klopirifosi zinazofahamika sana kwa wakulima wa mboga na pamba. Neva hutuma ujumbe kwa msuli kwa kutumia kemikali maalumu, na ujumbe ukishafika, kimeng'enya fulani huifuta ile kemikali ili msuli upumzike. Kimeng'enya hicho ni kama breki ya baiskeli iliyobeba magunia ya mkaa mteremkoni. Organofosfeti hukata breki. Ujumbe unaendelea kupiga bila kusimama: mate na machozi yanatiririka, jasho linatoka, tumbo linasokota na kuhara, macho yanaona ukungu, misuli inatetemeka, na kwa aliyepata nyingi, misuli ya kupumua na yenyewe inachoka. Binadamu na kiwavi wana kimeng'enya hicho hicho. Sumu haichagui.

Hizo ni dalili za aliyezidiwa. Aliyepata kidogo anaumwa kichwa, anasikia kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu, jioni analala bila kula. Sasa fikiria mtu huyo yuko Urambo, mwezi wa Januari, mvua inanyesha. Kila mtu atasema nini? Malaria. Atanunua dawa mseto dukani, kesho kutwa atakuwa na nafuu kwa sababu mwili umeanza kujisafisha wenyewe, na ataamini malaria imepona. Wiki inayofuata atarudi shambani na pampu. Hakuna daftari lolote la zahanati litakaloandika kwamba alidhurika na kiuatilifu. Ndiyo maana tatizo hili linaonekana dogo kwenye takwimu za wilaya. Utafiti wa dunia nzima uliochapishwa mwaka 2020 ulikadiria kuwa kila mwaka watu wapatao milioni 385 hupata sumu ya ghafla ya viuatilifu bila kukusudia, na takriban 11,000 kati yao hufa. Ukilinganisha namba hizo mbili utaona wanaodhurika wengi hawafi. Wanaumwa, wanalala, wanapoteza siku za kazi, wanarudi tena.

Kwa mkulima wa tumbaku mambo yanazidi kuchanganyika, kwa sababu zao lenyewe lina sumu. Anayevuna majani ya tumbaku yakiwa yamelowa umande au mvua hunyonya nikotini kupitia ngozi, akatapika na kuzunguka kichwa hata kama hajagusa chupa ya dawa. Nikotini kazi yake kwenye mmea ni kuua wadudu. Jamii ya neonikotinoidi, kama imidaklopridi inayotumika dhidi ya vidukari wa tumbaku, ni kemikali za kiwandani zinazofanya kazi kama nikotini. Kwa hiyo yule jirani anayeloweka majani ya tumbaku na kupulizia mchicha wake akisema "hii ni ya asili haina madhara" anatumia sumu halisi ya neva. Asili si kinga.

Wasionunua lakini wanalipa

Katika mfumo wa tumbaku wa Tabora, mkulima hupata pembejeo kwa mkopo kupitia chama cha msingi, AMCOS, na deni hukatwa masoko yakifunguliwa. Deni hilo linaandikwa, mkulima analijua. Lakini mama anayefua ile shati na suruali ya kupigia dawa kwenye beseni moja na nguo za mtoto, deni lake haliandikwi popote. Mtoto anayetumwa kuchota maji ya kuchanganyia, anayecheza na kifuniko, deni lake pia halimo. Mwili wa mtoto ni mdogo, ubongo wake bado unajengwa, na matone yasiyomfanya baba yake lolote kwake ni kipimo kikubwa. Ushahidi juu ya klopirifosi na ukuaji wa ubongo wa watoto ulikuwa sababu mojawapo ya Umoja wa Ulaya kukataa kuhuisha kibali chake mwaka 2020.

Kisha chupa tupu. Galoni zuri la lita moja lenye mfuniko haliachwi likatupwa, linawekwa mafuta ya kula au maji ya kwenda nayo shamba. Kuliosha hata mara kumi kwa sabuni hakuondoi kemikali iliyokwisha kunywewa na plastiki. Na kinyume chake ni kibaya zaidi: dawa inayopimwa dukani na kutiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa au ya soda, kwa sababu mkulima hana hela ya chupa nzima. Hapo lebo imepotea, mkanda wa rangi umepotea, na mtoto mwenye kiu hana njia ya kujua. Nasema wazi, muuza pembejeo anayefanya hivi anafanya kosa kubwa, hata kama anamsaidia mteja maskini.

Mlipaji mwingine ni mfugaji nyuki. Asali ya Tabora na Sikonge ni jina kubwa, Chuo cha Ufugaji Nyuki kiko hapa hapa mjini, na mara nyingi mtu mwenye shamba la tumbaku ndiye huyo huyo mwenye mizinga ya magome juu ya miyombo. Nyuki huruka kilomita tatu na zaidi kutafuta chakula. Neonikotinoidi husambaa ndani ya mmea mzima mpaka kwenye mbochi na chavua, na kiasi kidogo kisichomuua nyuki humfanya asahau njia ya kurudi mzingani. Kwa sababu hiyo mwaka 2018 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku matumizi ya nje ya imidaklopridi na ndugu zake wawili. Tumbaku hukatwa maua, hivyo nyuki hawaifuati sana. Tatizo ni dawa hizo hizo kuhamishiwa kwenye tikiti, alizeti na maharage kwa kuwa zilibaki. Jirani aliyepulizia alizeti saa tatu asubuhi wakati nyuki wamejaa kwenye maua hawezi kuona hasara aliyosababisha. Mwenye mzinga anaona tu kundi limepungua, anadhani wamehama. Asali ikienda soko la Ulaya inapimwa mabaki ya kemikali, na shehena ikikataliwa, anayepoteza ni mwenye asali.

Usugu: deni linalohamia msimu ujao

Kantangaze ni nondo mdogo aliyetokea Amerika ya Kusini na kuingia nchini mwaka 2014. Kiwavi wake hutoboa jani na tunda la nyanya na kuishi ndani, ambako dawa haimfikii vizuri. Mkulima akipiga na asione matokeo, anaongeza kipimo, anachanganya dawa mbili, anapiga kila baada ya siku tatu. Kinachotokea ni hiki: kwenye kila kundi la wadudu wapo wachache ambao kwa kuzaliwa tu wanaistahimili ile kemikali. Dawa inaua wengine wote na kuwaacha hao wazae. Baada ya vizazi kadhaa, na kantangaze kizazi kimoja huchukua takriban mwezi, shamba zima ni la wale sugu. Haimaanishi dawa ni feki, ingawa feki zipo. Kubadilisha jina la chupa hakusaidii ikiwa kemikali iliyo ndani ni ya jamii ile ile, na maduka yamejaa majina kumi ya kitu kimoja.

Tena dawa kali inaua na walinzi wetu: buibui, nyigu, siafu, wale wanaokula mayai na viwavi bure. Wakulima wengi wa nyanya wameona utitiri mwekundu ukilipuka wiki chache baada ya kupiga dawa, wasijue kwamba dawa yenyewe ndiyo iliyoufungulia njia.

Lakini kuna jambo moja kuhusu usugu ambalo sisikii likizungumzwa kwenye mikutano ya wakulima, nalo ndilo linalonikosesha raha zaidi. Vyandarua tunavyolalia vimetiwa kemikali za jamii ya pareto, zilizotengenezwa kwa kuiga sumu ya ua la pareto. Kemikali za jamii hiyo hiyo ndizo zinazopigwa kwenye nyanya, kabeji na pamba, na mabaki yake huishia kwenye madimbwi, mifereji na majaruba ya mpunga ambamo mbu wa malaria hutaga. Mbu wanajifunza shambani kustahimili kile kitakachowakuta chumbani. Dawa za shambani si chanzo pekee cha usugu wa mbu, vyandarua vyenyewe navyo vimechangia, ila ni chanzo kinachojulikana. Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022, Tabora iliongoza nchi kwa malaria kwa watoto wa chini ya miaka mitano: asilimia 23, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 8. Mkoa wa namna hii hauna chandarua cha kupoteza.

Maji nayo hayaishii hapa. Vijito vya Sikonge na Urambo huingia mto Ugalla, Ugalla hujiunga na Malagarasi, na Malagarasi humwagika Ziwa Tanganyika, kusini mwa mji wa Kigoma. Kemikali za jamii ya pareto haziwadhuru sana wanyama wenye damu moto, lakini kwa samaki ni sumu hata zikiwa chembe. Nyingi hushikamana na udongo na hazifiki mbali, jambo la heri. Zile za zamani kama DDT ndizo zilizosafiri: mabaki yake yamepimwa kwenye samaki wa ziwa hili upande wa Burundi. Sisemi watu waache kula migebuka na dagaa wa Kigoma, hata kidogo. Nasema ziwa lenye kina cha mita 1,470, ambalo maji yake huchukua zaidi ya miaka 400 kubadilika, halisahau haraka kinachoingia.

Turudi kwenye nyanya

Ule unga mweupe mara nyingi ni kiuakuvu, kwa kawaida mankozebu, kinachokaa juu ya ganda. Si cha kupuuzwa, Ulaya ilikiondoa mwaka 2020, lakini angalau unakiona, na kukiosha kwa maji yanayotiririka huku ukisugua hupunguza sehemu kubwa. Dawa ya kuogopa zaidi ni ile iliyoingia ndani ya tunda, ambayo haionekani, hainuki, na maji hayaitoi. Kinga yake ni moja: siku za kusubiri kati ya kupiga mara ya mwisho na kuvuna. Zimeandikwa kwenye lebo, zinaweza kuwa 3, zinaweza kuwa 14 au zaidi. Mkulima aliyepiga Jumatatu na kuvuna Jumatano kwa sababu gari la mnunuzi limefika, huyo ndiye anayetuletea sumu mezani, hata kama nyanya zake zinang'aa. Harufu nayo haipimi kitu. Inayonuka mara nyingi ni mafuta iliyoyeyushwa ndani yake.

Wapo wanaosema tukizungumza hivi tunawatakia watu njaa. Sri Lanka ilianza kufungia viuatilifu vikali kuliko vyote miaka ya 1980, hasa kwa sababu watu wengi walikuwa wanajiua kwa kuvinywa. Vifo vya kujiua vilishuka kwa takriban asilimia 70 kati ya 1995 na 2015, na mavuno hayakuporomoka kwa sababu hiyo, kwa kuwa zilibaki dawa za ukali mdogo na njia nyingine. Ulaya yenyewe iliifungia parakwati, kiuagugu ambacho hakina dawa ya kukipindua mtu akikimeza, tangu mwaka 2007; miaka mingi baada ya hapo kiliendelea kutengenezwa Uingereza na kuuzwa nje. Kisichofaa shamba la Mfaransa sioni kwa nini kifae shamba la Mnyamwezi asiye na glavu.

Mkulima anayetaka kupunguza deni hili ana pa kuanzia. Kwenye mahindi, kagua shamba mapema wakati viwavijeshi wangali wadogo. Wakishajichimbia ndani ya moyo wa mhindi na kuziba na kinyesi chao, unapoteza dawa. Heka moja inakaguliwa na kusafishwa kwa mkono, na wapo wanaotia mchanga au majivu kwenye moyo wa mmea. Dukani uliza namba ya usajili wa TPHPA na jina la kemikali, si jina la biashara tu. Piga jioni nyuki wakisharudi, na mwambie jirani mwenye mizinga siku mbili kabla. Chupa tupu isuuzwe mara tatu, maji hayo yarudi kwenye pampu, kisha itobolewe. Na vyama vya msingi vinavyokopesha dawa vikopeshe pia glavu za mpira na buti kwenye fomu ile ile, kwa sababu sioni mantiki ya kumkopesha mtu sumu na kumwachia kinga aitafute mwenyewe.

Mtu akizidiwa shambani, mvueni nguo zote zilizolowa na mwosheni kwa sabuni na maji mengi, nanyi mkilinda mikono yenu. Msimpe maziwa: hayaiondoi sumu iliyokwisha kupita kwenye ngozi, na kwa aliyeimeza yanaweza kumpalia. Msimtapishe, kwani mafuta yaliyo kwenye dawa nyingi yakiingia mapafuni yanaleta balaa jingine. Akipoteza fahamu alazwe ubavu, akimbizwe kituo cha afya, na chupa iende naye ndani ya mfuko wa plastiki. Sumu ya organofosfeti ina sindano yake, atropini, lakini mganga anahitaji kujua anapambana na nini. Kama chupa inavuja, piga picha ya lebo kwa simu, hasa yale maandishi madogo ya jina la kemikali chini ya jina la biashara, maana hilo ndilo atakalouliza kwanza.